Leo Siingii Kwenye Tangawizi

Mama mkwe wangu ana sheria nyingi, na karibu zote nimeshazizoea. Usifagie uwanja jua likishazama. Usipige mluzi ndani ya nyumba. Mgeni hapewi maji akiwa amesimama. Lakini ipo moja anayoishikilia kuliko zote: mwanamke aliye kwenye siku zake haingii kwenye shamba lake la tangawizi. Akiingia, tangawizi inaoza chini kwa chini, nawe hutajua mpaka siku ya kuchimba, mkono ushike kitu laini kinachonuka.

Mimi ni mwalimu. Najua tangawizi huozeshwa na maji yaliyotuama na mbegu yenye ugonjwa, na mwaka wa kwanza wa ndoa nilimweleza hivyo kwa adabu zote. Aliniangalia kwa huruma. "Sawa, mwalimu," akasema. "Ila usiingie."

Basi sikuingia. Kila mwezi siku ikifika nilisimama mlangoni mwa jiko nikasema, "Mama, leo siingii," naye bila kugeuka alinisogezea ungo wa maharage nichambue. Tusidanganyane, nilifurahi. Mashamba ya huku Mamba yamelalia ubavu wa mlima. Ukipalilia upande wa juu unahisi utaporomoka mpaka uwanjani kwa jirani. Mimi nimezaliwa Tabora, kwenye tambarare, magoti yangu hayakuumbwa kwa ajili ya Upareni. Maharage na kivuli cha jiko vilinitosha kabisa.

Ubaya wa sheria ile ni kwamba haikumwachia mtu siri. Wanawake wa mtaa wetu tunapaliliana kwa zamu, leo kwako, wiki ijayo kwangu. Ikifika zamu ya mama mkwe, asiyeingia shambani anaonekana, na anayeingia mwezi baada ya mwezi bila kukosa naye anaonekana. Hawasemi kitu. Wanatazamana tu, halafu wanaendelea na palizi.

Nilikuja huku kufundisha Kiswahili sekondari, nikaolewa na kijana wa hapa hapa. Yeye ni fundi wa matrekta kule Bendera, bondeni, na anapanda nyumbani mwisho wa mwezi. Mvua ikikorofisha barabara hapandi kabisa. Kwa hiyo nyumba yetu ni ya watu wawili, mimi na mama yake. Mama yangu mzazi alishafariki. Kipare nakielewa kikisemwa taratibu, na hakuna anayekisema taratibu.

Tulikuwa bado hatujapata mtoto, na watu walishaanza kuuliza kwa macho, pale miguu yangu ilipoanza kuvimba. Mwanzoni nilisema ni kwa sababu ya kusimama darasani kutwa. Halafu vidole vikawa vinauma asubuhi hata chaki siishiki. Mkojo ukawa unatoa povu. Mashavuni yakanitoka madoa, wanafunzi wakanong'ona kwamba mwalimu anapaka mkorogo. Mkorogo! Mimi ambaye hata mafuta ya kawaida nasahau kupaka. Nilikasirika nikawapa darasa zima insha ndefu, na mada nikaichagua kwa makusudi: madhara ya umbeya.

Zahanati ikanituma Same, Same wakanituma hospitali kubwa huko mbele. Mume wangu aliomba ruhusa kazini tukaenda pamoja. Daktari alikuwa mwanamke wa rika langu, macho yamemwiva kwa kukosa usingizi, na alitueleza bila kupamba. Ugonjwa unaitwa lupus. Kinga ya mwili imegeuka, inaupiga mwili wenyewe, na kwangu imeshafika kwenye figo. Ningekunywa vidonge vya steroidi kila siku, na mara moja kwa mwezi ningetundikiwa dripu ya dawa kali, kwa miezi kadhaa mfululizo.

"Dripu hii inaweza kusimamisha hedhi," akasema. "Kwa wengine inarudi tukishamaliza. Kwa wengine hairudi. Na kipindi hiki chote mimba hapana, dawa itamdhuru mtoto. Mtumie kinga."

"Isiporudi, ndiyo sitazaa kabisa?"

"Isiporudi itakuwa vigumu sana. Lakini kwanza tuokoe figo, dada yangu."

Mume wangu alikuwa amekaa kando yangu, amepakata mkoba wangu. Alisikia kila neno. Nalisema hili mapema ili lijulikane: alikuwepo, alisikia, hata akaitikia kwa kichwa.

Kuanzia hapo kila mwezi ukawa na safari yake. Nashuka na basi la alfajiri hadi Same, naunga gari jingine, natundikiwa dripu, narudi Same jioni na mwili ambao si wangu. Basi la mlimani linakuwa limeshaondoka, kwa hiyo nalala gesti karibu na stendi. Same ni upepo na vumbi tu. Dirisha la gesti lilikuwa linagonga, na kwenye baa ya chini watu walikuwa wanashangilia mpira kana kwamba hakuna mgonjwa duniani. Natapika kwenye ndoo, najifuta, natapika tena. Sikutaka makubwa. Nilitaka mtu wa kunishikia ile ndoo. Mume wangu alinisindikiza safari ya kwanza. Ya pili akasema kazi imembana, na kweli ulikuwa msimu wa kulima, matrekta yote yanamsubiri yeye. Sikumlaumu. Haya, nilimlaumu kidogo.

Vidonge navyo vilikuja na visa vyake. Njaa, jamani! Namaliza sahani ya makande, nabaki naikodolea macho sufuria. Uso ukaumuka kama andazi, shingo ikapotea, tumbo likatangulia mbele. Daktari alinikataza jua, nikawa natembea na kofia pana na mikono mirefu. Magauni yangu yote yakagoma kufunga zipu, nikamwambia fundi cherehani anishonee mapana yasiyo na kiuno. Siku moja nilijiona kwenye kioo cha dukani nikamwamkia yule mama, nikidhani ni mtu mwingine.

Lakini hayo yote ningeyavumilia. Kilichoniuma ni damu.

Haikukatika ghafla. Baada ya dripu ya kwanza ilikuja kwa fujo, nyingi kupita kiasi. Iliyofuata ikachelewa, na ilipokuja ilikuwa matone, rangi ya chai iliyochacha. Halafu haikuja tena. Nilisubiri wiki, nikajiambia ni uchovu. Nikasubiri tena. Nilianza kwenda chooni bila haja, kuchungulia tu. Tumbo likiniuma kidogo nilifurahi kama mjinga, kumbe ni gesi. Damu ile nilikuwa nimeilaani tangu nikiwa darasa la saba, nimeiita kila jina baya ninalolijua, na sasa nilikuwa naiomba irudi kama anavyoombwa mtu aliyesusa.

Joto nalo likaanza. Linanipanda kifuani mpaka kwenye nywele, kwenye baridi hii ya Mamba ambapo watoto wanakuja shule wamejifunga vitenge juu ya sweta. Nilikuwa navua sweta katikati ya somo, nalivaa, navua tena, Kidato cha Pili wananitazama kama sinema. Niliuliza hospitali, wakaniambia ndivyo inavyokuwa kwa wanawake walioacha kuona siku zao. Sijafika hata miaka thelathini. Nilirudi nyumbani nikamwangalia mama mkwe akipepeta mahindi, nikawaza, nimemfikia huyu.

Shuleni mimi ndiye mwalimu wa malezi wa wasichana, nahifadhi pedi kwenye kabati la ofisi. Safari zote za Same nilikuwa najinunulia na zangu mwenyewe, kwa matumaini, kisha damu isipokuja nazihamishia kwenye lile kabati. Asubuhi moja akaja mtoto wa Kidato cha Kwanza, analia, sketi ameizungushia sweta. "Mwalimu, naumwa. Nafikiri nakufa." Nikamkalisha, nikamweleza, nikampa pedi na maji ya moto, nikamwambia yale ninayowaambia wote: hufi, umekua, hongera. Akazidi kulia. "Mimi sitaki, mwalimu. Naomba iishe."

Nilitaka kumzaba kibao. Mungu anisamehe, mtoto wa watu, hajui lolote. Nilimwonea wivu mtoto wa Kidato cha Kwanza. Alipotoka nilifunga mlango nikalia mpaka kengele ya kipindi kinachofuata, halafu nikaenda kufundisha ngeli.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya mama mkwe wangu. Anajua niliugua, anajua natumia dawa za figo. Lakini miguu imeshapungua uvimbe, kwa hiyo kwake nimepona. Halafu anamwona mke wa mwanawe amenawiri uso, tumbo limejaa, anakula kama aliyefunga mwezi mzima, anavaa magauni mapana. Kila mwezi anakwenda kliniki bila kukosa na akirudi anatapika. Na kubwa kuliko yote, zamu ya palizi inakuja na kupita, nyingine inakuja na kupita, na mkwe anachukua jembe anaingia kwenye tangawizi kama kawaida. Hajasimama tena mlangoni mwa jiko kusema leo siingii. Hata ningekuwa mimi ningesema ana mimba.

Alianza kwa kuninyang'anya jembe. "Usiiname," akasema. Kesho yake akaninyang'anya ndoo ya maji. Kesho kutwa nikakuta uji wa ulezi wenye maziwa na pilipili manga, umefunikwa kwa kitambaa kilichodariziwa ambacho hutolewa mchungaji akija. Halafu bandani akaongezeka dume la kondoo, amefungwa peke yake, analetewa majani mpaka mdomoni.

"Huyu wa nani, Mama?"

"Wa mzazi," akasema, akaendelea kumkatia majani.

Nchi nzima inawatania Wapare kwa ubahili. Waje wamwone mama mkwe wangu na yule kondoo.

Nikaona hapana, nisimwache mama wa watu ahangaike bure. Nikamfuata bandani. "Mama, mimi sina mimba."

Akacheka, akapiga makofi. "Vizuri sana! Na wengine wakikuuliza uwajibu hivyo hivyo."

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa nimeingia kwenye shimo la namna gani. Kwa watu wa nyumba hii mimba haitangazwi. Mimba inakanwa. Unaikana kwa wifi, kwa jirani, kwa kila mtu, mpaka tumbo lenyewe liseme, kwa sababu ukiitaja unaiita balaa. Mwanamke mwenye adabu ndiye anayekana kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo kila nilivyosema sina, ndivyo nilivyozidi kuonekana nimelelewa vizuri huko kwetu Tabora.

Siku nyingine nilimkalisha kabisa. Nilimwonyesha vidonge, nikamweleza polepole kama ninavyoeleza darasani. "Ni hizi dawa na ile dripu, Mama. Zimeifunga damu. Daktari anasema huenda isirudi kabisa, nisipate mtoto." Sauti yangu ilikatika hapo kwenye mtoto.

Akaniziba mdomo kwa kiganja chake, kiganja kinachonuka moshi na tangawizi. "Nyamaza," akasema. "Usinene maneno kama hayo ukiwa katika hali hiyo." Kisha akafumba macho akaniombea, sala ndefu, nusu Kiswahili nusu Kipare, na mimi nimezibwa mdomo vilevile.

Mwisho wa mwezi mume wangu akapanda. Nikamweleza yote, nikamwambia, "Mwambie mama kwa lugha yenu. Mimi hanisikii." Akasema atamwambia. Akaingia jikoni, mimi nikabaki nje kwenye kigoda nikisikiliza. Kipare cha haraka, sauti ya mama inapanda, inashuka, inanong'ona. Halafu nikamsikia mume wangu akicheka, kicheko kifupi, kama mtu aliyepewa kitu mkononi.

"Nimemwambia," akasema alipotoka.

"Amesemaje?"

"Amesema sawa."

Siku mbili zile alichota maji yote, akatengeneza kitanda kilichokuwa kinalia, akanimenyea hata ndizi, kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya. Asubuhi ya kuondoka, bodaboda inamsubiri, aliniwekea mkono tumboni kidogo tu, akauondoa haraka kama ameona haya. Mimi nikadhani anapima uvimbe. Nilishukuru moyoni kwamba angalau yupo mtu mmoja anayejua ninachopitia.

Kanisani nako mambo yakawa yaleyale. Umoja wa wanawake walikuwa wananiombea bila kutaja, kwa mafumbo: "Bwana, aliyebeba mzigo, mzigo wake ushuke salama." Wote wanaitikia amina. Nami kwenye benchi lilelile nilikuwa naomba damu. Bwana, ije. Hata kidogo. Hata ikinichafulia gauni hapa mbele ya mchungaji, ije. Watu wa benchi moja, Mungu mmoja, maombi yanagongana kichwa kwa kichwa, na hakuna wa kumwambia. Tukitoka nje wananishika mikono, wananitabasamia, mmoja ananiuliza kama nalala vizuri. Sijawahi kupendwa na watu wengi namna ile, na sijawahi kuwa mpweke namna ile.

Dripu zikaisha. Daktari akafurahia vipimo, akasema figo zimeitikia vizuri, tutapunguza vidonge taratibu. Nikamuuliza, na hedhi? Akaweka kalamu chini. "Tuipe muda," akasema. "Siwezi kukuahidi." Nililala gesti ileile, safari hii bila kutapika, na nilitamani ningekuwa natapika, maana ningekuwa na cha kufanya.

Iliporudi ilikuwa Jumamosi ya zamu yetu.

Niliamka na maumivu chini ya kitovu, yale ya zamani, ya kuvuta na kuachia, yanayoshuka mpaka mapajani. Sikutaka kujidanganya. Nilishadanganywa na gesi mara nyingi. Niliwasha moto, nikabandika chai ya wapaliliaji, na wanawake wakaanza kufika na majembe yao, wanagonga udongo kwenye mawe na kuamkiana. Nikaenda chooni.

Ilikuwepo. Nyekundu, mbichi, ya kweli.

Nilishika ukuta. Nilicheka, nikalia, nikacheka tena, mkono mdomoni ili wasinisikie. Nikaitazama kama mtu anavyotazama barua ya matokeo yake, nikarudia kuitazama. Nitazaa. Labda si mwaka huu, labda si mwaka kesho, lakini mlango haujafungwa. Nilimwambia Mungu asante kwa maneno ambayo hayamo kwenye kitabu chochote cha sala. Nilitoka mle nikiwa msichana.

Uwanjani wote walikuwa tayari wanashuka kwenda shambani. Mama mkwe akaniita nimletee kisu cha kukatia nyasi. Nikasimama pale mlangoni mwa jiko, nikamwambia kwa furaha yote niliyokuwa nayo, karibu niimbe:

"Mama, leo siingii!"

Sikuwa nimefikiri. Naapa sikuwa nimefikiri. Yalinitoka tu, maneno yale ya kila mwezi niliyoyakosa kwa muda mrefu, na ladha yake mdomoni ilikuwa tamu.

Wanawake wote walisimama. Jembe la mama mkwe likaanguka. Alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima, akaja mbio, miguu peku, akavua kitenge chake akanizungushia kiunoni. Wengine wakanizunguka na khanga zao kunificha nisionekane barabarani. Mmoja akawa tayari anampigia bodaboda anipeleke kituo cha afya.

"Hapana, jamani, sijaharibu mimba!" nikasema. "Sikuwa na mimba! Ni siku zangu, zimerudi, ninyi furahini!" Na nikacheka.

Nilipocheka ndipo walipoogopa hasa. "Maskini ya Mungu," akasema mama mmoja wa kwaya. "Akili imeruka. Mlazeni."

Wakanilaza. Bodaboda niliikataa katakata, wakaona ni ukaidi wa uchungu, wakaniachia. Palizi ikavunjika. Nikiwa kitandani nilimsikia kondoo akilia bandani, kisha sikumsikia tena. Harufu ya mchuzi ikaanza kuingia chumbani, na sauti za chini za wanawake jikoni, sauti za msibani.

Mama mkwe akaja na bakuli, akakaa ukingoni mwa kitanda. Alinilisha kijiko kwa kijiko. Nilikula, ningefanyaje, njaa ya vidonge haijui msiba. Halafu akaweka bakuli chini, akaniambia kwa Kiswahili, taratibu, kitu ambacho nadhani hata mwanawe hakijui. Kabla ya kumzaa mume wangu walitangulia wawili. Mmoja aliishia tumboni, mwingine alizaliwa hajalia. Wakati ule hapakuwa na mtu wa kumwambia pole. Kesho yake alirudi kuchota maji. "Hakuna aliyenichinjia hata kuku," akasema. Alikuwa hanitazami, alikuwa anatazama mikono yake.

"Pole, Mama," nikasema. Pole ile ilitoka moyoni. Nikamshika mkono, tukakaa hivyo, yeye analia kwa ajili yangu na mimi nina huzuni kwa ajili yake, na katikati yetu hakuna hata neno moja tuliloelewana.

Alipotoka nilichukua simu. Nilitaka mtu mmoja. Mmoja tu, aliyekaa kwenye kile kiti hospitalini, aliyesikia maneno ya daktari, nimwambie imerudi, apige kelele huko Bendera katikati ya matrekta yake. Aliipokea kabla haijaita vizuri.

"Mama amenipigia," akasema. Alikuwa analia. "Pole, mke wangu. Pole sana. Tutapata mwingine."

Nilidhani sijasikia vizuri. "Mwingine yupi? Wewe ulikuwepo. Daktari alisema mbele yako. Nilikwambia mimi mwenyewe, hapa hapa nyumbani, kwamba sina."

Nilisikia upepo wa bondeni kwenye simu yake.

"Mama alisema utakana," akasema. "Alisema wote mnakana."

"Damu imerudi," nikasema. "Naweza kuzaa. Unanielewa? Leo ni siku nzuri."

"Nilishampa jina," akasema.

Nikamuuliza jina gani. Akalitaja kwa taabu, likamkatikia mdomoni. Lilikuwa jina la marehemu baba yake. Akaniambia alikuwa analiita kimyakimya akiwa kazini, chini ya matrekta, miezi yote hii.

Nilikaa na simu sikioni. Mtu wangu alikuwa anamlilia mtoto ambaye nilimwambia hayupo, na furaha yangu haikuwa na mtu wa kuipokea, si kwake wala popote pengine. Ndipo nikaanza kulia, kwa sauti, bila kujizuia.

Jikoni maongezi yakakatika. Kisha nikamsikia mama mkwe akisema, kwa Kiswahili, ili nami nielewe:

"Afadhali. Amelia."